Korona ilipobisha hodi Kerala: tathmini ya huduma, kutoka mlangoni hadi kwenye daftari la vifo

Jimbo la Kerala liko kusini-magharibi mwa India. Lina watu wapatao milioni 35 na wilaya 14. Watu wa pwani yetu wanalijua kwa njia nyingine: ndiyo Malabari ya manahodha wa zamani, na ndiko wanakotoka wauguzi wengi utakaowakuta katika hospitali za Muscat na Dubai. Mwaka 2020 lilisifiwa dunia nzima kwa namna lilivyoikabili korona. Katikati ya mwaka 2021 likawa ndilo linalotoa wagonjwa wapya wengi kuliko majimbo yote ya India, na waliokuwa wakilisifu wakakaa kimya. Waliosifu na walionyamaza waliangalia idadi ya wagonjwa tu. Sisi tunaipima kazi ile kama huduma nyingine yoyote ya umma: mwananchi alipewa nini, nani alimletea, kwa bei gani, na ilikwama wapi.

Hukumu yetu tunaitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Kazi iliyofanywa na mtu wa kata, anayejua nani anaishi nyumba ipi na bibi yupi ana kisukari, ilikuwa bora sana. Kazi iliyohitaji kuhesabu, kupima na kutunza kumbukumbu kutoka makao makuu ilikuwa ya wastani, na kuna mahali ilikuwa mbovu.

Hawakuanza na mikono mitupu. Mei 2018 virusi vya Nipah vilizuka katika wilaya za Kozhikode na Malappuram, wakafa watu 17, mmoja wao muuguzi Lini Puthussery aliyeambukizwa akimhudumia mgonjwa. Nipah ina ukatili wake: anayeugua ana nafasi ndogo ya kupona, lakini haiambukizi kwa wepesi, kwa hiyo ukiwapata wote waliokaa karibu na mgonjwa na kuwafuatilia siku 21, unaizima. Kazi ile iliwafundisha maofisa wa jimbo kuandika majina haraka, kutenga watu bila kusubiri majibu ya maabara, na kuwa na chumba kimoja cha uratibu ambako kila simu inaishia. Ndiyo maana India ilipopata mgonjwa wake wa kwanza wa korona, tarehe 30 Januari 2020, mwanafunzi aliyerudi Thrissur kutoka Wuhan, chumba hicho kilikuwa kimeshafunguliwa. Wengine wawili waligunduliwa Alappuzha na Kasaragod kufikia tarehe 3 Februari. Wote watatu walipona, na mlipuko wa kwanza ukaishia hapo.

Jambo la pili halikupigiwa kelele. Tangu mwaka 2017 jimbo lilikuwa na mpango uitwao Aardram wa kugeuza zahanati za vijiji kuwa vituo vya afya vya familia, vinavyofunguliwa hadi saa 12 jioni badala ya kufungwa adhuhuri. Mtu aliyezoea kwenda kituo cha karibu akitoka kazini, akamkuta daktari, hukipigia simu kituo hicho hicho siku akiambiwa ajifungie ndani. Imani ya namna hiyo haitengenezwi wiki ambayo ugonjwa umeshaingia.

Sasa huduma yenyewe. Tuanze na mtu anayeshuka uwanja wa ndege wa Kochi mwezi Machi 2020. Jina lake, namba ya simu na anwani vinaandikwa, vinapelekwa wilayani, wilaya inavipeleka kituo cha afya, na kituo kinamkabidhi mhudumu wa afya wa kata yake, hawa wanaoitwa ASHA. Ni kina mama wa mtaa, wenzao wa wahudumu wa afya ya jamii tunaowajua huku kwetu. ASHA haingii ndani. Anasimama getini au barazani na kuuliza: ana homa? anakohoa? nyumba ina vyumba vingapi? anayejitenga ana choo chake? kuna mzee, mjamzito au mwenye ugonjwa wa kudumu humo ndani? Swali la choo ndilo lenye uzito kuliko yote. Chumba peke yake hakitoshi kama asubuhi watu sita wanapishana bafu moja. Asiye na choo chake alitakiwa kupelekwa kwenye jengo la serikali, bweni au hoteli iliyokodiwa. Waliotoka nchi zenye hatari kubwa waliwekwa karantini ya siku 28 wakati serikali kuu ya India ikisema 14, na kila siku walipigiwa simu. Aliyekwama alipiga 1056, namba ya huduma iitwayo DISHA, iliyopokea maswali ya dawa, ya chakula, hata ya hofu tu.

Siku 28 zilikuwa nyingi. Mtu wa kibarua hawezi kukaa mwezi mzima ndani bila mtu wa kumlisha, na hapo ndipo utaratibu wa aina hii huvunjika kwingi: anatoroka kwa njaa, si kwa ukaidi. Kerala iliona shimo hilo mapema, tutarudi kwenye jikoni.

Kipande kimoja cha kazi ile kinastahili kutazamwa kwa karibu. Tarehe 29 Februari 2020 familia moja ilirejea kutoka Italia, ikapita uwanjani bila kujiandikisha, ikakaa mjini wiki nzima ikitembelea jamaa katika wilaya ya Pathanamthitta. Majibu ya maabara yalipotoka tarehe 8 Machi, watano walikuwa wameambukizwa. Timu za wilaya zilikaa na wagonjwa, zikalinganisha maelezo yao na kumbukumbu za simu na picha za kamera za madukani, kisha wilaya ikatoa mchoro mmoja wa mishale: tarehe, saa, mahali. Benki fulani kuanzia saa fulani hadi saa fulani. Duka la mikate. Posta. Chini yake namba za simu na ombi: kama ulikuwa hapo saa hizo, tupigie. Hakukuwa na jina la mtu. Mwananchi alijilinganisha mwenyewe na ratiba yake, akapiga. Mbinu hii ni rahisi kuigwa na haihitaji programu ya simu. Inataka watu wanaoweza kumhoji mgonjwa bila kumtisha, maana mgonjwa anayeogopa husahau kwa makusudi.

Kasoro yake nayo tuiseme. Wilayani jina huhitaji kuandikwa? Mishale ile ilitosha kila mtu kujua ni nyumba ya nani, na familia ilitukanwa mitandaoni kwa wiki kadhaa. Anayeiga mchoro huo aondoe kituo chochote kinachoonyesha nyumba au hafla ya kifamilia, abakize maeneo ya umma tu. Wale wa kifamilia hupatikana kwa simu.

Jikoni Kerala ilifanya vizuri kuliko hospitalini, na hatusemi hivyo kwa kejeli. Jimbo lina mtandao wa vikundi vya akina mama uitwao Kudumbashree, ulioanzishwa mwaka 1998, wenye wanachama zaidi ya milioni 4. Ukichukua vikoba na vyama vya akina mama vya mtaani kwako, ukavipa ofisi katika kila halmashauri, utakuwa umeikaribia picha. Marufuku ya kutoka ilipotangazwa mwishoni mwa Machi 2020, serikali za mitaa zilifungua majiko ya jamii ndani ya siku chache, yakapita 1,000. Mlo kwa asiye na uwezo ulikuwa bure, mwenye nacho alilipa rupia 20, kama shilingi 600 za Tanzania wakati ule. Aliyekuwa karantini alipelekewa mlangoni. Aprili kila familia yenye kadi ya mgawo, tajiri au maskini, ilianza kupata mfuko wa vitu 17 wenye thamani ya karibu rupia 1,000: sukari, chai, mafuta, dengu, sabuni na kadhalika. Kuutoa kwa wote kuliokoa muda ambao ungeliwa na ugomvi wa nani anastahili.

Hata hivyo jiko lilijikwaa kwa kitu kidogo. Kerala ina vibarua wengi kutoka kaskazini na mashariki mwa India, ambao serikali inawaita wafanyakazi wageni. Tarehe 29 Machi 2020 mamia yao walimiminika barabarani Payippad, wilaya ya Kottayam, wakitaka usafiri wa kurudi kwao. Walikuwa wanapewa chakula, lakini chakula cha Kimalayali, yaani cha wenyeji wa Kerala: wali na mchuzi wa nazi. Mla chapati na dengu akila wali wa watu siku saba mfululizo huku hana kazi na hajui lini atarudi kwao, hasira hupata pa kutokea. Utaratibu ukabadilishwa: badala ya mlo uliopikwa, wakapewa unga wa ngano, viazi, vitunguu na dengu wajipikie. Usafiri haukuwa mikononi mwa jimbo, treni zilikuwa zimesimamishwa nchi nzima. Chakula kilikuwa mikononi mwake.

Wavuvi ni habari nyingine, na hapa watu wa Kojani, Malindi na Kilwa wataelewa haraka. Aliyewahi kusimama kwenye mnada wa samaki anajua: chombo kimoja kinatua, watu hamsini wanakizunguka, kila mmoja anapaza sauti. Kwa virusi vinavyosambaa kwa mate na hewa, hakuna mkusanyiko mbaya kuliko huo. Kerala ilipiga marufuku mnada wa ufukweni, kamati za bandari zikawa zinapanga bei, mnunuzi anakuja kwa zamu. Ilisaidia, lakini haikuzuia Poonthura. Katika kijiji hicho cha wavuvi pembeni mwa mji mkuu Thiruvananthapuram, nyumba zimebanana kiasi kwamba ukinyoosha mkono dirishani unagusa ukuta wa jirani. Julai 2020 maambukizi yalilipuka huko kupitia biashara ya samaki. Serikali iliyotuma kina mama wenye madaftari kila mahali, hapa ikatuma makomandoo. Watu wakazuiwa kwenda baharini, maduka yakafunguliwa kwa saa chache, na uvumi ukaenea kwamba vipimo ni vya uongo. Tarehe 10 Julai wakazi wakatoka, wakaizingira gari ya wahudumu wa afya. Siku chache baadaye, baada ya mazungumzo na ahadi za chakula, wakazi hao hao waliwapokea wahudumu kwa maua. Tarehe 17 Julai Waziri Kiongozi Pinarayi Vijayan akakiri hadharani kwamba virusi vinasambaa ndani ya jamii Poonthura na Pulluvila, serikali ya kwanza ya jimbo India kulisema hilo waziwazi. Kwa kukiri tunampa alama. Kwa makomandoo hapana.

Mwezi uliofuata waliyarudia makosa yale yale kwa sura nyingine. Wahudumu wa afya walikuwa wamechoka, na kazi ya kutafuta waliotangamana na wagonjwa ikapewa polisi, pamoja na mpango wa kutumia kumbukumbu za simu za wagonjwa. Upinzani ukaenda mahakamani, madaktari wakalalamika. Kwa upande wa kazi, ubaya wake ni rahisi kuuona: mtu atamwambia muuguzi kwamba jana alicheza karata kwa rafiki, polisi hamwambii. Orodha ikishafupishwa na hofu, hata ukiwa na minara yote ya simu mkononi utakosa watu watatu waliokuwa chumba kimoja. Kabla ya hapo, Aprili, kulikuwa na rabsha ya kuweka taarifa za walio karantini kwenye mfumo wa kampuni ya Marekani iitwayo Sprinklr. Mahakama Kuu ya Kerala iliagiza tarehe 24 Aprili 2020 kwamba taarifa ziondolewe utambulisho wa mtu kabla kampuni haijazigusa, na kwamba wananchi waombwe ridhaa. Agizo lilikuwa sahihi, ila lilipaswa kuwa sharti la mkataba tangu siku ya kwanza.

Wilaya ya Kasaragod, kaskazini kabisa, ilionyesha tundu lililokuwa limefunikwa kwa miaka. Wakazi wake wengi hufanya kazi Dubai, na wimbi la Machi 2020 lilitoka huko. Kwa ugonjwa mzito walizoea kuvuka mpaka kwenda Mangaluru, jimbo jirani la Karnataka, mwendo mfupi tu. Karnataka ikafunga mpaka, ikamwaga vifusi vya udongo barabarani, magari ya wagonjwa yakarudishwa, na watu kadhaa wakafa wakisubiri. Kerala ilijibu kwa kasi: jengo la chuo cha udaktari lililokuwa halijakamilika likageuzwa hospitali ya korona kwa siku chache, na timu ya madaktari na wauguzi ikasafiri kwa basi kutoka Thiruvananthapuram, upande wa pili wa jimbo. Septemba 2020 kundi la makampuni la Tata likakabidhi hospitali nyingine yenye vitanda zaidi ya 500, ya makontena. Kwa dharura, kazi nzuri. Lakini kasi ile ilikuwa inalipa deni: wilaya nzima ilikuwa imeachwa itegemee hospitali za jimbo jingine.

Waliokuwa Ghuba nao walionja upande mchungu. Juni 2020 serikali ya jimbo ilitaka kila anayerudi awe na cheti cha kipimo. Nchi kadhaa za Ghuba hazikuwa na vipimo vya kumtosheleza msafiri aliyeishiwa kazi na pesa. Kelele zilipozidi, waliotoka nchi hizo wakaruhusiwa kupanda ndege kwa barakoa, ngao ya uso na mavazi ya kujikinga badala ya cheti. Kanuni isiyotekelezeka ikawa imepoteza wiki nzima.

Vipimo ndiyo sehemu tunayoipa alama za chini. Jimbo liliegemea mno kipimo cha haraka cha antijeni. Faida yake inajulikana: majibu ndani ya nusu saa, hakuna haja ya maabara kubwa. Tatizo ni kwamba Baraza la Utafiti wa Tiba la India lilipokipima cha kwanza kilichoruhusiwa, Juni 2020, kiliwanasa wagonjwa kati ya asilimia 50.6 na 84 tu. Kikisema unao, unao. Kikisema huna, huenda unao. Ndiyo maana mwongozo ulitaka mwenye dalili aliyepata majibu ya kutokuwa nao apimwe tena kwa PCR, kipimo cha maabara. Hatua hii ya pili ndiyo inayorukwa kila mahali, kwa sababu mgonjwa ameshaambiwa yuko salama na ameshaondoka. Dawa yake ni kuchukua sampuli mbili kwa mpigo mmoja kwa kila mwenye homa au kikohozi, moja ya haraka, nyingine inakwenda maabara. Tena, Aprili 2021 serikali ilishusha bei ya PCR kwenye maabara binafsi kutoka rupia 1,700 hadi 500 kwa siku moja. Mwananchi alifurahi, maabara zikagoma kupima, na mwananchi yule yule akakosa pa kupimwa.

Utunzaji nyumbani, kwa upande mwingine, ulipangwa kwa akili. Wagonjwa waligawanywa makundi matatu: A wenye dalili nyepesi, B wenye homa kali au walio hatarini kwa umri na magonjwa, C wanaopumua kwa shida. A alibaki nyumbani, asiye na nafasi akaenda kituo cha kulala cha kata. B akaangaliwa kituo cha tiba cha ngazi ya kwanza, C hospitali moja kwa moja. Chombo cha kuwaunganisha wote kilikuwa oksimita, kile kibanio cha kidoleni. Kina masharti yake. Mgonjwa apumzike dakika 5 kwanza, mkono uwe na joto, kidole kisitikisike, asome baada ya namba kutulia. Rangi ya kucha huidanganya, na hina pia, jambo ambalo kwa wanawake wa Malabari na wa pwani yetu si dogo; kidole kisichopakwa ndicho kinachowekwa. Namba hiyo ni kiwango cha oksijeni kwenye damu; ikiwa chini ya 94 unapiga simu. Na mwenye 95 akitembea chumbani dakika 6 namba ikaporomoka chini ya 94, naye apige, kwa sababu korona ina tabia ya kumnyima mtu oksijeni kabla hajajisikia vibaya.

Hewa hiyo yenyewe Kerala ilikuwa nayo. Aprili na Mei 2021, wakati wagonjwa wa Delhi wakifa nje ya milango ya hospitali, jimbo hili lilikuwa limepanua uzalishaji wa oksijeni kwa mwaka mzima, kiwanda kikubwa kikiwa Kanjikode wilayani Palakkad, na lilipeleka ziada majimbo jirani. Kwa kifupi hesabu yake ni hii: mtungi mkubwa wa hospitali una lita kama 7,000 za hewa. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 700, hajafikisha saa 12. Wagonjwa 20 wa namna hiyo ni mitungi zaidi ya 40 kwa siku, na kila mmoja lazima uende kujazwa na kurudi. Hospitali nyingi duniani hazikuishiwa oksijeni, ziliishiwa mitungi na malori. Walioweka matangi ya oksijeni ya kimiminika na mabomba ya ukutani mapema ndio waliolala usiku.

Tarehe 12 Mei 2021 Kerala iliandika wagonjwa wapya 43,529 kwa siku moja, karibu 30 kati ya kila 100 waliopimwa. Vitanda vilibana lakini havikukatika. Wiki hiyo hiyo serikali, ikisukumwa na Mahakama Kuu, iliweka kikomo cha bei kwa hospitali binafsi: wodi ya kawaida kuanzia rupia 2,645 kwa siku, ikijumuisha kitanda, chakula, uuguzi na mavazi ya kujikinga. Mbele ya majaji ilikuwa imeletwa bili iliyotoza zaidi ya rupia 1,300 kwa uji wa mchele, kanji, chakula cha mgonjwa maskini kuliko vyote. Funzo kwa anayetunga kanuni kama hii ni kutaja kila kitu kilichomo ndani ya bei. Kisichotajwa kitageuka uji.

Chanjo ndiyo sehemu tunayoipenda zaidi, kwa ufundi wake. Kufikia mapema Mei 2021 jimbo lilikuwa limepokea dozi 7,338,806 na kuchoma 7,426,164. Siyo uchawi. Kichupa cha Covishield ni cha dozi 10 za mililita 0.5, lakini kiwandani hutiwa ziada kidogo kufidia kinachopotea kwenye sindano. Muuguzi mwenye mkono mtulivu, anayetoa viputo bila kumwaga tone na kutumia bomba lisilobakiza dawa shingoni, anapata dozi ya 11. Sharti ni moja: kama kilichobaki hakifiki 0.5 kamili, kinatupwa. Hairuhusiwi kuchanganya mabaki ya vichupa viwili. Nusu ya pili ya ufundi ni foleni. Kichupa kikifunguliwa kina saa 4, kwa hiyo hakifunguliwi mpaka watu wa kutosha wawe wamekaa, na jioni ASHA anaitwa alete wawili watatu kutoka jirani. Aliyepanga foleni ndiye aliyeokoa dozi, sawa na aliyeshika sindano.

Sasa ile hoja ya wagonjwa wengi wa mwaka 2021. Uchunguzi wa kingamwili wa kitaifa wa Juni na Julai mwaka huo ulikuta asilimia 67.6 ya watu India wana kingamwili. Kerala ilikuwa asilimia 44.4, chini kuliko majimbo yote yaliyopimwa. Maana yake wengi walikuwa bado hawajaguswa na virusi, na wimbi la Delta likawakuta wakiwa wapya. Wapo waliosema ni kushindwa. Sisi tunaona mtu aliyeambukizwa Agosti 2021 akiwa na sindano moja au mbili mkononi, katika jimbo lenye oksijeni, ana hali nzuri kuliko aliyeambukizwa Juni 2020. Kuchelewesha ndiko kulikokuwa bidhaa, na mwananchi aliipata.

Daftari la vifo ndilo lililotutia shaka. Mwanzoni kila kifo kilipitiwa na kamati moja makao makuu, na aliyekuwa na saratani au figo mbovu, au aliyepimwa hana virusi siku mbili kabla ya kufa, aliweza kuachwa nje ya hesabu. Juni 2021 kazi ilishushwa wilayani. Kisha Mahakama ya Juu ya India ikaamuru fidia, ikapangwa rupia 50,000 kwa kila familia, na kifo ndani ya siku 30 tangu kupimwa kikahesabika. Oktoba waziri mpya wa afya, Veena George, akatangaza kuwa vifo vipatavyo 7,000 vingeongezwa. Kwa familia hizo hazikuwa takwimu: bila jina daftarini hakuna cheti, bila cheti hakuna fidia. Kila jioni saa 12 Waziri Kiongozi alisoma hesabu mbele ya kamera kwa upole na mpangilio uliowatuliza watu, na hesabu ile ya vifo ilikuwa pungufu.

Na waliozibeba siku zile mabegani? Posho ya ASHA wa Kerala ilikuwa rupia 7,000 kwa mwezi wakati, tarehe 10 Februari 2025, walipoketi nje ya jengo la serikali mjini Thiruvananthapuram usiku na mchana, wakidai 21,000.